Lori Lisilovuja

Asubuhi ya kwanza nilipokuta maji ya rejeta yamepungua sikushtuka. Lori lenyewe lilikuwa kuukuu. Mlango wa kushoto niliufunga kwa kamba ya katani, kiti changu kilikuwa kimechanika hadi sponji inachungulia, na madereva watatu walikuwa wamelichosha kabla halijafika kwangu. Gari la umri ule likitaka maji kidogo asubuhi, unalipatia. Nilimimina vikombe viwili, nikafunga kifuniko, nikaenda kupakia ngano.

Asubuhi ya pili yalikuwa yamepungua tena, kiasi kilekile. Nikainama kuangalia chini. Kila jioni niliegesha kwenye sakafu ya saruji kando ya karakana, na mtu hahitaji macho makali kuona maji juu ya saruji. Palikuwa pakavu. Nilipitisha kiganja kikarudi na vumbi tu. Sehemu moja, pana kama sahani, ilikuwa safi kuliko kwingine, lakini nani anayeogopa mahali safi? Asubuhi ya tatu mambo yakawa hayo hayo, na hapo moyo ukaanza kunicheza.

Ilikuwa msimu wa mavuno, miezi ile ya baridi na upepo, kwenye mojawapo ya mashamba ya ngano ya serikali katika tambarare za Hanang. Mashamba yale yalikuwa makubwa hivi kwamba mashine ya kuvuna iliweza kuanza mstari mbele yako na kupotea machoni kabla ya kugeuza. Mimi ni Mwiraqw wa Tumati, upande wa Mbulu. Nimezaliwa na watu wa jembe la mkono, ambao shamba lao lote ulilimaliza kwa macho ukiwa umekaa mlangoni. Udereva nilijifunzia misheni. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, sijaoa, na heshima yangu yote ilikuwa kwenye lile lori. Likilala njiani, nimelala mimi.

Mwaka huo mvua zilikatika mapema. Ngano ilikuwa fupi, na mabwawa ambayo wafugaji walinyweshea ng'ombe yalibaki matope yaliyopasuka kama kisigino. Maji ya kambi yaliletwa na bowsa, lori la tangi, mara mbili kwa wiki, na bowsa likichelewa watu walianza kuangaliana ndoo. Nasema haya ili ieleweke kwamba vikombe viwili vya maji havikuwa kitu kidogo.

Nikampelekea shida yangu fundi mkuu wa karakana, mzee wa kutoka Singida aliyefunga miwani yake kwa waya wa breki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Linaumwa nini leo?"

Nikamweleza. Akaniambia niliwashe, tukaliacha lipate moto sawasawa, kisha akapita na tochi mpira mmoja baada ya mwingine. Akashika wotapampu, akapapasa chini yake. Akachomoa kijiti cha oili kuona kama maji yanaingia ndani ya injini, akaikuta oili nyeusi, haina weupe wowote. Akaenda nyuma kunusa moshi. Alipomaliza alijifuta mikono taratibu, kidole kwa kidole.

"Lori lako halivuji," alisema.

"Sasa maji yanakwenda wapi, mzee?"

Alitazama upande wa lango, kisha akanitazama mimi. "Halivuji, kijana. Lina mtu."

Maneno hayo yaliniingia kama mwiba wa mgunga: unaingia mara moja, ukijaribu kuutoa unakatikia ndani.

Langoni alikuwepo mlinzi mmoja, na ndiye pekee aliyebaki na magari usiku. Alikuwa Mbarabaig, wa wafugaji wa tambarare zile, mtu wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye makovu ya duara kuzunguka macho na shuka la rangi ya udongo. Alikuwa na mwezi mmoja tu kazini. Nyumbani kwake kulikuwa upande wa Getanuwas, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Watu walisema kwamba kabla ya matrekta kufika, boma la baba yake lilikuwa humo humo ndani ya ngano tuliyokuwa tunavuna. Yeye mwenyewe hakulisema. Alisema machache kwa jumla. Kiswahili chake kilikuwa cha kuhesabu maneno, naye hakuwa na haraka ya kuyatumia.

Alikuwa na mbwa jike wa rangi ya majivu, aliyechanika sikio moja, mbavu zote nje. Jioni nikishazima injini mbwa huyo alijikunja chini yake kwa ajili ya joto, na mwenyewe hakumzuia. Mimi mbwa aliningurumia kila nilipofungua mlango. Nilimchukia kidogo, kama unavyomchukia mnyama anayekujua vibaya.

Na palikuwa na kidumu. Kila jioni mlinzi alikuja na kidumu cha lita tano kitupu. Kila asubuhi aliondoka nacho kimejaa. Nilikuwa nimekiona siku nyingi bila kukiona. Baada ya maneno ya fundi nilikiona.

Tangu hapo nikaanza kumwangalia. Akizunguka magari nilihesabu mara ngapi amepita kwenye lori langu. Akisimama upande wa rejeta nilijiuliza kwa nini asimame hapo, wakati upepo unapiga hapo. Akisimama mahali pengine nilisema amejua kwamba namwangalia. Mtu ukishamvalisha wizi, kila anachofanya kinamkaa. Na shikamoo ikaanza kunishinda mdomoni. Alikuwa na umri wa baba zangu wadogo, na kwetu Mbulu mtoto anayempita mkubwa bila kumwamkia anaulizwa amelelewa na nani. Lakini asubuhi moja nilipita langoni nikijifanya natafuta funguo, na kesho yake sikujisumbua hata kujifanya. Mlinzi alinitazama tu nikipita. Baada ya siku chache naye akaacha kugeuza uso.

Siku ya sita nilimsimamisha. Jua lilikuwa linachomoza na wavunaji walikuwa wanapanga foleni ya uji.

"Hicho kidumu kina nini?"

"Maji," alisema.

"Ya wapi?"

"Ya jikoni."

"Fungua."

Watu waligeuka. Mlinzi akakiweka chini, akafungua kifuniko, akarudi nyuma hatua moja ili nipate nafasi. Nikainama kunusa. Yalikuwa maji mazito ya kijivu yenye vipande vya ugali vinavyoelea. Mpishi, mama mmoja wa Dongobesh aliyekuwa anagawa uji, akanipigia kelele kutoka kwenye sufuria.

"Wewe dereva! Hayo ni maji ya kuoshea masufuria! Nampa mimi, ana ndama anayekufa. Na hayo nayo unayataka?"

Foleni nzima ilicheka. Mlinzi hakucheka. Alifunga kidumu chake, akakibeba begani, akashika njia ya kwao, na mbwa nyuma yake. Nilibaki na uso unaowaka.

Mtu mwenye akili angeishia hapo. Mimi nilijiambia: kidumu kimoja kina maji ya masufuria, je, hana kingine? Aibu haikuniponya, ilinichokoza tu.

Wiki ileile bowsa halikuja. Nilitakiwa kupeleka mzigo wa mbegu Mbulu, nikaondoka alfajiri na rejeta iliyopungua, nikijipa moyo kwamba itavumilia. Juu ya magunia nilibeba mama mmoja na mjukuu wake mgonjwa wa kifua, wanaelekea zahanati. Kwenye mlima wa kuingilia Dongobesh mshale wa kipimo cha joto ulipanda, ukafika mwisho, na lori likaanza kutoa mvuke kama chungu cha pombe. Nikaweka jiwe nyuma ya tairi. Tulingoja injini ipoe, upepo ukitupiga, mtoto akikohoa.

Yule mama alishuka bila kuambiwa. Alikuwa na kibuyu cha maji aliyombebea mtoto.

"Yatatosha?" aliuliza.

"Mama, hayo ni ya mtoto."

"Mtoto atakunywa tukifika. Tusipofika atakunywa nini?"

Nikafungua rejeta kwa tambara, nikamimina maji ya mtoto mgonjwa ndani ya chuma, polepole, hadi tone la mwisho. Tulifika. Mtoto alitibiwa, nilimwona mwenyewe jioni amekaa mgongoni mwa bibi yake anatafuna muwa. Lakini mkono wangu ulikuwa umeshika kibuyu kile kitupu, na hasira niliyokuwa nayo sikuweza kuiweka mahali pengine isipokuwa langoni kwetu, juu ya mtu mmoja.

Usiku ule nililala nyumbani Tumati. Mama alinisikiliza huku anachambua maharage.

"Ni Mbarabaig?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Babu yako alipoteza ng'ombe kumi na mmoja kwa watu hao."

"Mama, hiyo ni zamani."

"Ng'ombe walikuwa wa zamani. Watu ni walewale." Kisha, kwa sababu alikuwa mama wa haki kwa namna yake, akaongeza, "Umemwona kwa macho?"

Nilishika la kwanza, la pili nikaliacha pale kwenye ungo.

Niliporudi shambani nilikuwa na mpango. Kwenye stoo ya karakana kulikuwa na madebe ya dawa ya rejeta waliyoyaleta wageni waliosaidia kuanzisha mashamba, ya kijani kibichi kama majani ya ngano changa, nzito kidogo. Kazi yake ilikuwa kuzuia kutu. Sisi wengi tulitumia maji matupu, maana kutu ilikwisha kutuzoea. Nilimwomba fundi dawa hiyo.

"Umekuwa dereva wa kisasa?" alisema, akinipa. "Haya. Ila usiitie mdomoni. Ina utamu, lakini ni sumu. Kule kwao wanakataza hata kuimwaga ovyo."

Nikasikia vizuri. Naandika hivi kwa sababu kwa miaka mingi nilijaribu kujishawishi kwamba sikusikia. Nilisikia, nikasema asante mzee, nikaenda kuitia nyingi kuliko inavyotakiwa, hadi maji yote ya rejeta yakawa kijani kabisa. Niliwaza hivi: anayechukua maji yangu sasa atapakwa. Kidumu chake kitakuwa kijani, mikono yake itakuwa kijani. Na je, kama akiyanywa, au akimpa ndama wake? Wazo hilo lilipita. Halikukaa, lakini lilipita, na sikulifukuza. Nilifunga kifuniko.

Ningeweza kukesha siku moja tu ndani ya lori nikamaliza ubishi. Sikukesha. Nilisema nimechoka, na kweli nilikuwa nimechoka, ila nadhani pia sikutaka kuona kitu ambacho kingenikatalia.

Kesho yake maji yalikuwa yamepungua. Saruji kavu. Nikamtazama mlinzi mikono alipokuwa anafungua lango. Ilikuwa mikono ya kawaida. Kidumu kilikuwa na maji ya ugali. Nikasema huyu ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Asubuhi iliyofuata mbwa alitoka chini ya lori akiyumba. Miguu ya nyuma ilikuwa inakwenda njia yake na ya mbele njia yake. Wavunaji walicheka, mmoja akasema mbwa wa Mbarabaig amekunywa pombe ya asali. Hata mlinzi alitabasamu, mara ya kwanza kumwona akitabasamu. Mbwa alikuja moja kwa moja hadi nilipo, yeye ambaye hakuwahi kunisogelea bila kuonyesha meno, akauegemeza mwili wake mguuni mwangu kama anayetafuta ukuta asianguke. Alikuwa anahema. Nilisimama pale na bisibisi mkononi. Kitu fulani ndani yangu kilijua. Nakumbuka hasa jinsi kilivyojua: kama unavyojua kwamba umeacha mlango wazi ukiwa umeshafika mbali. Nikausogeza mguu, nikapanda lori, nikaondoka.

Jioni niliporudi nilimkuta amelala kando ya lango, akinywa kila maji aliyopewa na kuyatapika. Siku iliyofuata hakunyanyuka tena. Mlinzi alikuwa amekaa naye mchana kutwa badala ya kwenda kwao, kichwa cha mbwa juu ya shuka lake. Aliniita nilipokuwa napita.

"Dereva."

Nikasimama.

"Umempa nini mbwa wangu?"

"Sijampa kitu."

"Wewe humpendi. Mimi pia hunipendi. Uliacha kuniamkia, sikuuliza. Ulifungua kidumu changu mbele za watu, sikuuliza. Sasa nauliza. Umempa nini?"

"Mzee, naapa, mkono wangu haujampa mbwa wako kitu chochote."

Kila neno lilikuwa kweli. Nililichagua kila neno.

Alinitazama, na nikaona uso ambao nilikuwa nimeuvaa mimi wiki mbili nzima: uso wa mtu anayehesabu. Tangu saa ile ikawa zamu yangu. Mpishi aliniwekea sahani bila kunitazama. Wavunaji waliokuwa wakipiga soga nami walinyamaza nikikaribia. Fundi aliyenipa dawa alifunga stoo kwa kufuli, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mchana. Nikitembea kambini nilisikia mgongo wangu ukitazamwa. Nilianza kujieleza kabla sijaulizwa, na nilisikia mwenyewe jinsi sauti yangu ilivyokuwa ya mwongo.

Mbwa alikufa siku ya tatu, karibu na saa sita mchana. Mlinzi alimfunga kwenye shuka lake mwenyewe akambeba mikononi, akapita katikati ya mabua ya ngano iliyovunwa hadi mahali ambapo jembe la trekta halikufika. Alirudi kifua wazi kwenye ule upepo, akashika lindo lake.

Kesho yake niliamka mapema, kabla ya mtu yeyote kwenda jikoni. Kulikuwa kumepambazuka vya kutosha kuona. Nilikwenda kwenye lori, na kwa mara ya kwanza tangu mbwa aanguke nikainama kuangalia saruji.

Kwenye saruji, pale pale penye mahali safi, palikuwa na dimbwi la kijani. Ukubwa wake ulikuwa wa sahani.

Nilipiga magoti. Tone lilikuwa linaning'inia kwenye chuma cha chesisi juu ya dimbwi. Likaanguka, na jingine likaanza kujikusanya. Nikaingia chini kwa mgongo, nikalifuata lilikotoka: lilitambaa juu ya chuma, likapita nyuma ya boliti, hadi kwenye mpira wa chini wa rejeta, mahali unapofungwa na klipu. Nikaishika ile klipu. Ilikuwa baridi kama barafu, na imelegea kidogo sana, upana wa ukucha. Basi nikaelewa yote kwa pamoja. Mchana, injini ikiwa na moto, mpira na chuma vilivimba vikabanana, ndiyo maana fundi hakuona kitu. Baridi ya tambarare ikishaingia vilisinyaa, na maji yakatoka tone kwa tone mpaka asubuhi. Saruji ilikuwa kavu kila siku kwa sababu kulikuwa na kiumbe mwenye kiu aliyelala pale, katika mwaka ambao hapakuwa na maji, naye aliyalamba yote.

Nilipotoka chini ya lori niliona miguu miwili. Mlinzi alikuwa amesimama.

Hakunitazama mimi, alitazama dimbwi. Alichuchumaa, akachovya kidole, akakiinua kwenye mwanga. Kidole kilikuwa kijani. Alikuwa anakipeleka puani, na mimi nikadhani anakipeleka mdomoni, nikamshika mkono kwa nguvu.

"Usionje, mzee! Ni sumu."

Aliuacha mkono wake ndani ya mkono wangu.

"Unajua kwamba ni sumu," alisema.

"Najua."

"Ulijua lini?"

Hapo ningeweza kuchagua maneno tena. Kulikuwa na nafasi. Nilimwachia mkono.

"Nilijua nilipoitia. Maji yalikuwa yanapungua. Nilidhani wewe unayachukua. Nilitia rangi nikushike."

"Mimi nichukue maji ya gari."

"Ndiyo."

"Nifanyie nini?"

Wiki mbili nzima nilikuwa nimemhukumu na sikuwahi kujiuliza hilo.

"Nilimwona analamba sakafu," alisema polepole, akitafuta maneno. "Kila alfajiri. Nilisema ni umande. Ungeuliza, ningekuambia."

Akasimama, akajifuta kidole kwenye ukuta wa karakana, akaenda kufungua lango, maana ulikuwa wakati wa kulifungua.

Nilichukua bisibisi, nikaikaza klipu. Mzunguko mmoja na nusu. Ilinichukua muda mfupi kuliko kusalimiana na mtu. Baadaye fundi alikata ncha ya mpira iliyochakaa akaufunga upya kwa klipu nyingine, na lori lile halikupoteza tena hata kijiko. Alipokuwa anafanya kazi hiyo alisema, bila kuinua kichwa, "Mimi nami nilikuambia lina mtu." Ndivyo alivyoomba msamaha, na haukuwa wangu wa kuupokea.

Jumapili iliyofuata nilitembea hadi kwa mlinzi na debe dogo la asali kutoka kwetu. Niliogopa njia nzima. Nilikuwa nimesikia habari nyingi za wanaume wa upande ule na mikuki yao, na kila mtu niliyekutana naye niliona kama anajua. Mke wake alinipokea, mama mwembamba mwenye bangili za shaba hadi viwikoni. Nilimwambia shikamoo, akaitikia. Mumewe alikuwa amekaa karibu na zizi. Nilimwambia shikamoo na yeye. Alichelewa kidogo, kisha akasema marahaba.

Nikaeleza tena, mbele ya mke, bila kupunguza. Nikasema hata lile wazo la ndama, ambalo hakuna mtu angelijua. Yule mama alisikiliza akiwa amesimama. Ndama mwenyewe alikuwa mlangoni, amepona, anasugua kichwa kwenye nguzo.

"Mbwa huyo alilala na watoto wangu," alisema mama. "Fisi aliingia humu, yeye akamtoa." Alionyesha kwa mkono mahali kwenye ua wa miiba. Halafu akauliza, siyo kwa ukali, kama mtu anayetaka tu kujua, "Ninyi wa milimani, mtu akiwa hapo hapo karibu, hamwezi kumuuliza?"

Nikasema tunaweza.

"Mbona hukumuuliza?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeshajijibu, mama."

Walipokea asali. Hawakunikaribisha ndani, na sikutarajia.

Mlinzi alimaliza msimu ule akaacha kazi. Kwa siku zilizobaki nilimwamkia kila asubuhi na kila asubuhi aliitikia. Nilimletea mtoto wa mbwa kutoka Tumati, wa rangi ya kahawia, mwenye miguu minene. Alimgeuza akamtazama tumbo na meno, akasema ni mzuri. Jioni nilipoegesha niliona amemfunga kwa kamba upande wa pili kabisa wa kambi, mbali na sakafu ya saruji, na bakuli lake la maji amelifunika kwa ubao na jiwe juu.

Miaka ikapita. Mashamba yale yakaanza kudhoofika, mashine zikasimama moja moja kwa kukosa vipuri, na madereva tukatawanyika. Siku moja nilikuwa mnadani Katesh, natafuta beberu, mtu mrefu akanigusa bega kwa fimbo. Alikuwa na mvi, lakini makovu yalikuwa yaleyale. Alikuwa na kijana wake mkubwa.

"Huyu," alimwambia kijana, "ndiye aliyeua mbwa wetu." Alisema huku anacheka, na kijana hakujua kama acheke.

Nikawakaribisha chai kwenye kibanda cha mama mmoja. Tulikaa kwenye benchi. Chai ililetwa, vikombe vitatu, inatoa moshi. Mzee aliweka mikono magotini akaanza kuniuliza habari za nyumbani, mama yangu, mvua za Mbulu, na chai yake haigusi. Kijana naye hakuigusa, kwa kuwa baba yake hakuigusa. Nilichelewa kuelewa kwamba wananingoja. Kisha nikainua kikombe changu, nikanywa funda kubwa lililoniunguza ulimi, nikakiweka chini.

Hapo naye akachukua chake, akanywa. Akaniambia kwamba mwaka huu, upande wa Getanuwas, mvua ni nzuri.